Kabla Hujaposti Kamera ya Mkanda, Jua Unauza Nini



Leo nazungumzia kitu ambacho wengi tunakutana nacho kwenye mizigo ya mitumba na kwenye makabati ya wazee: kamera za mkanda. Sio zile nyepesi za plastiki za kupiga na kutupa. Nasema zile nzito, nyeusi, lenzi unaizungusha inatoka, na zinajitafutia fokasi zenyewe. Vijana wa picha wanazirudia siku hizi. Ukizijua utakula nazo vizuri. Usipozijua zitakula wewe. Mimi zilinila.

Nitaeleza kwa kamera moja niliyoishika kwa mikono yangu, Canon EOS 650. Ukiielewa hiyo, zile ndugu zake hazitakusumbua. Chukua daftari.

NILIVYOANZA VIBAYA

Nina kaduka kangu Ngamiani, Tanga. Nauza vifaa vya umeme vilivyotumika: redio, spika, chaja, deki. Nusu ya mauzo ni mtandaoni, mzigo unapanda basi. Shule niliishia kidato cha nne, mengine yote nimejifunza kwa kukosea.

Miaka miwili iliyopita alikuja mama mmoja na begi la ngozi. Marehemu mume wake alikuwa mpiga picha, wa harusi, wa vipaimara, wa picha za vitambulisho. Akaniambia, "Mwanangu, angalia kama kuna chochote humu." Ndani kulikuwa na kamera moja na lenzi yake. Nikampa elfu arobaini. Hakubishana.

Alipoondoka nikaanza kuichokonoa. Mlango wa nyuma ukafunguka, ndani kuna mkanda. Nikauvuta wote, nikautupa kwenye boksi langu la waya chakavu. Nikapiga picha tatu kwa simu, nikaposti:

"KAMERA CANON YA ZAMANI, IPO VIZURI, 70,000 TU, WAHI."

Dakika ishirini hazijaisha, kijana wa Moshi katuma hela. Faida elfu thelathini kwa mchana mmoja. Nilijiona mjanja kweli.

Wiki mbili baadaye akaniandikia inboksi: "Dada, ile kamera shata imeganda, haipigi. Ila sikudai, mimi nilitaka lenzi. Nimeifunga kwenye kamera yangu ya dijitali inafanya kazi safi. Ukipata nyingine kama hiyo, yenye doti nyekundu, nitafute mimi kwanza. Hata laki na nusu natoa."

Laki na nusu. Lenzi peke yake.

Kwa hiyo tangazo langu la maneno manane lilikuwa na makosa mawili makubwa. Nilisema "ipo vizuri" kwa kitu kilichokufa, na kitu kilichokuwa hai nikakiuza bei ya kutupa. Kosa la tatu, la ule mkanda, hapo nilikuwa hata sijalijua.

Nilichofanya ni kutafuta kitabu cha maelekezo cha EOS 650 mtandaoni, kipo bure. Halafu nikaenda kwa mzee mmoja mwenye studio ya zamani hapa mjini, nikakaa naye jioni tatu. Haya ndiyo niliyojifunza. Kila kipengele nitasema kinafanya nini, unakipima vipi, na mteja anataka kujua nini.

1. ANZA NA DIRISHA DOGO LA NYUMA

Ukipewa kamera ya mkanda, kitu cha kwanza ni kutofungua mlango wa nyuma. Igeuze, angalia mgongoni. EOS 650 ina kidirisha chembamba kinachoonyesha kama kuna kopo la mkanda ndani. Ukiona maandishi ya rangi mle, ujue mkanda upo.

Mkanda ambao haujasafishwa ukipigwa na mwanga umeungua. Hakuna fundi wa kurudisha hizo picha. Na kamera za marehemu na za wazee mara nyingi zinakuja na mkanda ambao haukumalizwa. Mle ndani kunaweza kuwa na harusi ya mtu, au mtoto wa nyumba ile akiwa mdogo, au hakuna kitu. Huwezi kujua mpaka usafishwe.

Njia sahihi: weka betri nzima, tafuta kile kijimlango kidogo chenye vitufe vilivyofichwa, bonyeza kitufe cha kurudisha mkanda. Mota italia, mkanda utajikunja wote ndani ya kopo lake. Ikinyamaza, ndio ufungue. Kopo mrudishie mwenye kamera, umwambie aulize studio za zamani nani bado anasafisha. Mkanda wa miaka mingi picha hufifia, lakini mara nyingine kitu kinatoka.

2. BETRI: USISEME IMEKUFA KABLA YA KUILISHA

Kamera za zamani zaidi, zile za kuvuta mkono wa chuma, nyingi zinapiga hata bila betri. Hii haipigi. EOS 650 kila kitu ni umeme: shata, mota ya mkanda, kioo cha maandishi, fokasi. Bila betri ni jiwe.

Inatumia betri moja ya volti 6 inaitwa 2CR5. Ni ya lithiamu, umbo lake kama betri mbili nene zilizogandana. Haichajiwi. Sio kila duka inapatikana, kwa hiyo ukiipata nunua moja, iweke dukani iwe ya kupimia tu. Hiyo ni kama mizani ya muuza nyama, huwezi kufanya kazi bila nayo.

Kabla hujaiweka, angalia vyuma vya chumba cha betri. Ukiona ungaunga wa kijani au mweupe, betri ya zamani ilivuja. Futa taratibu kwa kitambaa kikavu na pamba yenye spiriti kidogo, subiri ikauke. Baada ya hapo washa: swichi kwenye L ni kufunga, kwenye A ni kufanya kazi. Kioo cha juu kikitoa namba, umepona hatua ya kwanza.

Kwenye tangazo andika aina ya betri na kama unaitoa pamoja na kamera. Mteja wa mbali akipokea kamera bila betri, akakosa betri mjini kwao, wewe ndiye utakayeitwa tapeli.

3. OTOFOKASI, NA ILE DOTI NYEKUNDU

Hapa ndipo pesa yangu ilipozama, kwa hiyo soma polepole.

Zamani mpiga picha alikuwa anazungusha lenzi kwa mkono mpaka sura ya mtu itulie. Mwaka 1985 Minolta walitoa kamera inaitwa 7000, ambayo mota ya kutafuta fokasi iko ndani ya bodi. Bodi inazungusha kipini, kipini kinazungusha lenzi. Ilitikisa soko lote. Canon wakajibu mwaka 1987 na EOS 650, lakini wao wakapita njia nyingine: mota wakaiweka ndani ya lenzi yenyewe. Bodi na lenzi zinaongea kwa umeme tu kupitia vile vidoti vya rangi ya dhahabu pale zinapokutana. Hakuna mkono wa chuma wala kipini.

Kwa kufanya hivyo Canon waliziacha lenzi zao zote za nyuma, zile zinazoitwa FD. Haziingii kwenye EOS. Wapiga picha wengi walikasirika wakati huo. Lakini ule mlango mpya wa lenzi, unaoitwa EF, ndio huo huo Canon walioendelea nao kwenye kamera za dijitali. Kijana anayepiga harusi leo na Canon ya dijitali yenye kioo ndani anaweza kufunga lenzi ya mwaka 1987 na fokasi ikajitafuta yenyewe. Hata zile mpya zaidi zisizo na kioo, zilizoanza 2018 na mlango wa RF, zinaipokea kwa kutumia adapta.

Kwa hiyo unapouza EOS 650 yenye lenzi, una bidhaa mbili. Moja ya mtu anayependa mkanda, nyingine ya mtu wa dijitali ambaye mkanda hana habari nao. Ukiziuza pamoja kwa bei ya moja, umegawa.

Alama za kukumbuka:

Doti nyekundu kwenye shingo ya lenzi ni EF. Inaingia kwenye EOS za mkanda na kwenye Canon za dijitali zenye kioo.

Mraba mweupe ni EF-S. Hiyo imetengenezwa kwa dijitali zenye sensa ndogo. Kwenye EOS 650 haiingii, usiilazimishe.

Lenzi iliyokuja na ile kamera ya kwanza ilikuwa EF 50mm f/1.8 ya toleo la kwanza, la 1987. Unaitambua kwa mambo mawili: shingo yake ni ya chuma, na juu ina kidirisha kinachoonyesha umbali. Toleo la pili lilitoka 1990, shingo ya plastiki, na kidirisha hakuna. Hiyo f/1.8 maana yake tundu lake linafunguka kwa upana mkubwa, inaona vizuri kwenye mwanga hafifu na inatia ukungu nyuma ya mtu. Wapiga picha wa harusi wanaipenda kwa hilo. Mimi niliiuza kama kifuniko.

Kuipima: sogeza swichi ya lenzi iwe kwenye AF, lenga kitu chenye mistari, mfano kalenda ya ukutani, bonyeza kitufe cha kupigia nusu. Lenzi itazunguka, itasimama, na taa ndogo itawaka ndani ya kitundu cha kuchungulia. Usilenge ukuta mtupu, itahangaika kwenda na kurudi uone kama mbovu. EOS 650 ina sehemu moja tu ya fokasi, katikati. Kelele kidogo ya mota ni kawaida kwa lenzi za umri huo. Kelele za kusaga sio kawaida.

Halafu mtafute mpiga picha jirani mwenye Canon ya dijitali, mwombe aifunge apige picha mbili. Usiandike "inaingia dijitali" kwa kubahatisha. Hasa lenzi za kampuni nyingine zilizotengenezewa Canon zamani, baadhi zinaingia vizuri ila kamera ya dijitali inatoa alama ya kosa ukibonyeza.

4. SHATA: PALE INAPOFIA

Shata ni pazia lililo mbele ya mkanda. Linafunguka na kufunga kwa muda uliopangwa ili mwanga uingie kwa kipimo. Kwenye EOS 650 linaweza kukaa wazi kuanzia sekunde 30 mpaka sehemu moja ya 2000 ya sekunde.

Ugonjwa wake unajulikana. Ndani ya shata kuna kipande laini cha kuzuia mapazia yasigonge kwa nguvu. Kikizeeka kinayeyuka na kuwa kama lami. Ile lami inateleza kwenye mapazia, yanagandana. Kamera inawaka, fokasi inatafuta, lakini picha haitoki au inatoka nyeusi. Ndicho kilichomkuta kijana wa Moshi. Mimi nilikuwa nimeona kioo cha namba kimewaka, nikaridhika.

Kuipima: hakikisha hakuna mkanda, fungua mlango wa nyuma, chungulia mapazia kwa tochi. Ukiona madoa meusi yanayong'aa kama grisi, hiyo ni dalili. Usiguse kwa kidole, mapazia ni membamba sana, yakipinda ndio basi. Halafu bonyeza kitufe cha MODE huku unazungusha kigurudumu kidogo cha juu mpaka utokee Tv. Weka sekunde 1, piga ukiangalia dirishani. Weka 125, piga. Weka 2000, piga. Kila mara lazima uone mwanga unapita na pazia linarudi mahali pake. Rudia mara ishirini, sio mara moja. Shata yenye lami inaweza kupiga mara tatu vizuri, ya nne ikaganda.

Fundi anayejua anaweza kuisafisha, lakini ndani ya miaka kadhaa lami inaweza kurudi kama kile kipande hakikutolewa. Mwambie mteja hivyo hivyo.

5. NAMNA ZA KUPIGIA

Hapa mteja ndipo anapouliza "inafanyaje kazi?" na muuzaji anaanza kujikuna. Shika haya:

P: kamera inachagua kila kitu, wewe lenga upige.
Tv: wewe unachagua kasi ya shata, kamera inachagua tundu. Nzuri kwa mpira na watoto wanaokimbia.
Av: wewe unachagua tundu, kamera inachagua kasi. Nzuri kwa picha za sura zenye ukungu nyuma.
M: vyote wewe.
DEPTH: hii ndiyo yenye maajabu. Unalenga kitu cha karibu unabonyeza nusu, unalenga cha mbali unabonyeza nusu, halafu kamera inapanga tundu ili vyote viwili na vilivyo katikati vitoke vizuri. Ndiyo ya kupigia picha ya ukoo mzima, watoto mbele kwenye mkeka na wazee nyuma wamesimama.

Kuna pia alama ya kijani kwenye swichi kuu, hiyo ni otomatiki kamili kwa asiyetaka kufikiri.

6. MKANDA UNAJIVUTA WENYEWE

Kamera hii haina mkono wa kuvutia. Unaingiza kopo, unavuta ncha ya mkanda mpaka kwenye alama ya rangi, unafunga mlango, mota inavuta mpaka picha namba 1. Ukishikilia kitufe inaweza kupiga mpaka picha 3 kwa sekunde. Ukiisha inaurudisha wenyewe kwenye kopo.

Yale mabati ya miraba myeusi na ya fedha kwenye kopo la mkanda sio urembo. Kamera inayasoma kwa vipini vilivyo ndani ya chumba cha mkanda ili ijue huo mkanda una ISO ngapi. Vile vipini vikiwa na kutu, kamera itasoma vibaya na picha zitatoka nyeupe au nyeusi mno. Vifute.

Ili kupima, usinunue mkanda mpya, ni ghali. Weka mmoja ulioungua uwe wa dukani. Uingize, funga, piga mpaka uishe, sikiliza ukirudishwa. Mimi ninao. Ni ule ule nilioutoa kwenye boksi la waya chakavu.

7. FLASHI HAIPO

EOS 650 haina flashi ya ndani. Ina mahali pa kuchomeka juu, na kasi ya juu kabisa ya kutumia na flashi ni 125. Andika "haina flashi", maana mteja akiona kile kichwa cha juu anaweza kudhani imo ndani, inasubiri kufunguka.

8. FANGASI

Sisi wa pwani hili ni letu. Unyevu ukikaa kwenye lenzi iliyofungiwa begini miaka kumi, fangasi inaota ndani ya vioo kama utando wa buibui. Ondoa lenzi, washa tochi ya simu upande mmoja, chungulia upande wa pili. Vumbi kidogo halina shida. Utando una shida, na unaweza kuambukia lenzi nyingine, kwa hiyo usiziweke pamoja.

Begi la ngozi ni nyumba ya fangasi. Hifadhi kwenye kopo la plastiki linalofunga vizuri, pamoja na vile vipaketi vya chembechembe vinavyokuja kwenye viatu na mabegi mapya. Visitupwe hivyo.

MAMA ALIPORUDI

Miezi minne baada ya ile biashara, yule mama akaja tena. Nikamsalimia, "Shikamoo mama." Akaitikia, akakaa, akaweka begi jingine mezani. "Alikuwa nazo mbili, moja ya akiba. Mdogo wao anaingia kidato cha tano, nimeona niilete."

Ningeweza kumpa arobaini nyingine. Angepokea.

Nikamwambia ukweli. Nikamwambia ile lenzi ya kwanza peke yake ina mtu wa laki na nusu, na mimi niliinunua pamoja na kamera kwa arobaini bila kujua. Akasema, "Na mimi sikujua. Tusilaumiane." Nikamwambia na la pili, kwamba mle ndani kulikuwa na mkanda na niliuunguza.

Akauliza, "Ulikuwa na picha?"

Nikasema sijui mama, na ndiyo maana naomba radhi.

Akanyamaza muda. Wateja wawili wakaja, wakauliza bei ya chaja, wakaondoka. Halafu akanisukumia lile begi. "Basi hii iangalie vizuri."

Nilianza na kidirisha. Ilikuwa tupu.

Tukakubaliana hivi: sinunui, nauza kwa niaba yake, nachukua asilimia 20. Bodi ilikuwa EOS 650 nyingine, shata safi, nilipiga mara hamsini. Lenzi yake ilikuwa EF 35-70mm f/3.5-4.5, na kwa bahati mbaya ilikuwa na fangasi pembeni. Nikaziposti mbali mbali. Tangazo la bodi ni hili, linakili ubadilishe mambo yako:

"CANON EOS 650, KAMERA YA MKANDA YA MWAKA 1987, BODI TU.
Lenzi na flashi hakuna. Inapokea lenzi za EF zenye doti nyekundu.
Nimepima: shata kuanzia sekunde 1 mpaka 2000, mara 50, haikuganda. Mapazia hayana madoa. Otofokasi inakamata. Mkanda unavuta na kurudi, nimejaribu kwa mkanda ulioungua.
Sijapima: sijapiga mkanda na kuusafisha.
Kasoro: mpira wa mgongoni umechubuka, picha ya 4.
Betri ni 2CR5, haimo, utatafuta mwenyewe.
Ikifika ukaona tofauti na nilivyoandika, una siku 3 za kurudisha. Nauli ya kurudi ni yangu.
Bei 120,000. Inatoka Tanga kwa basi."

Lile neno "sijapima" niliogopa kuliandika. Nilidhani litafukuza watu. Dada mmoja wa Arusha akaniuliza maswali mawili tu, tukamaliza kwa 110,000. Baadaye akaniambia aliamini kwa sababu ya huo mstari, alikuwa amechoka na matangazo ya "ipo vizuri".

Lenzi nilimuonyesha kwanza kijana wa Moshi, na picha ya fangasi chini ya tochi. Akakataa, akashukuru. Ikauzwa 45,000 kwa mtu anayejifunza, na fangasi aliiona kwenye picha kabla ya kulipa.

Hesabu: 155,000. Mama akapata 124,000. Mimi 31,000.

Ukiangalia, faida yangu ni ile ile ya kwanza, imezidi kwa elfu moja tu. Lakini hakuna aliyenipigia kulalamika, na sikuweka mtaji wa kununua. Betri niliyoinunua bado inapima nyingine.

UKIKUTANA NA ZA KAMPUNI NYINGINE

Swali ni lile lile: hii lenzi inaingia kwenye kamera gani ya leo?

Lenzi za otofokasi za Minolta, kuanzia ile 7000, zinaingia kwenye kamera za Sony Alpha zenye mlango wa A. Sony walichukua mlango huo na kuanza nao 2006.

Nikon, lenzi za otofokasi za zamani zinazozungushwa na kipini cha bodi zinaingia, lakini kwenye bodi ndogo za dijitali zisizo na mota, kama D3100 au D5300, fokasi utazungusha kwa mkono. Liseme kabla hujalipwa.

Canon FD, kama nilivyosema, usimwambie mtu inaingia EOS.

KWA KUFUPISHA

Chungulia kidirisha kabla ya kufungua. Lisha betri kabla ya kuhukumu. Tafuta doti kabla ya kupanga bei. Piga shata mara ishirini. Washa tochi kwenye vioo. Halafu kwenye tangazo andika ulichopima, usichopima, na kasoro.

Haya niambieni kwenye maoni: ni kifaa gani uliwahi kukiuza bei ya kutupa halafu ukaja kujua thamani yake? Na kama una kamera dukani hujui ni ya aina gani, weka picha ya shingo ya lenzi, tusaidiane kuisoma. Ila mlango wa nyuma usiufungue kwanza.